Bukavu: Waya wa bei kali hauongezi sauti, lakini waya wa uongo unaweza kuunguza nyumba

Kila siku ya Mungu asubuhi, kutoka Bagira hadi Panzi, mji wa Bukavu unaamka kwa sauti za bafle. Kanisa moja linaimba upande huu wa kilima, lingine linajibu upande wa pili, na sauti ya mhubiri inafika kwa jirani ikiwa imepasuka, mtu hajui kama anabariki au anagombeza. Siku ya posho ni zamu ya ndoa. Penye sauti mbaya hapakosi fundi, na kinywani mwa fundi halikosi neno moja: shida ni waya.

Hapo mabishano yanaanza. Fundi anatoa waya mpya, mnene kama kidole, uliovikwa plastiki inayoangaza, wenye maandishi ya rangi ya dhahabu kwamba ni shaba safi isiyo na oksijeni. Bei yake ni mara nyingi kuliko ile ya waya wa kawaida mwekundu na mweusi. Anaapa kwamba ukifungwa, besi itakuwa nzito na sauti za waimbaji zitafunguka. Mweka hazina wa kamati anajibu kwamba waya ni waya, umeme hausomi maandishi ya dhahabu. Wazee wanagawanyika. Kijana wa kinanda anamuunga mkono fundi, kwa sababu alisikia sono ya ndoa moja huko Nguba ikilia vizuri, na waya wake ulikuwa wa namna hiyo.

Mabishano haya hayakuzaliwa Bukavu. Wapenzi wa muziki wa Marekani, Ulaya na Japani wanayabishania kwa zaidi ya miaka 40, na wengine wamevunja urafiki kwa sababu yake. Lakini kule anayekosea anapoteza feza zake mwenyewe, akiwa kwenye kiti chake, nyumbani kwake. Hapa feza ni mchango wa mama anayeuza ndizi Nyawera, wa mwalimu na wa mchukuzi wa mizigo. Tena ni dola iliyopatikana kwa taabu, katika mji ambao mabenki yalifunga milango tangu mwezi wa pili 2025, ulipoingia mikononi mwa AFC/M23. Mchango wa namna hiyo hauwezi kutumika kwa kubahatisha.

Jibu lipo, na lina pande mbili ambazo mafundi na kamati huzichanganya. Upande wa kwanza: waya wa bei kali hautoi sauti bora kuliko waya wa kawaida wa shaba wenye unene unaofaa. Mweka hazina ana haki. Upande wa pili: waya mwingi unaouzwa kwa jina la shaba si shaba, na mwingi ni mwembamba kuliko kazi unayopewa. Hapo fundi naye ana haki, ingawa mara nyingi kwa sababu ambayo si ile anayoitaja.

Kwanza hadithi ya waya wa dhahabu. Zamani hakuna aliyeuza waya wa bafle kama dawa. Watu walitumia waya uleule wa taa ya mezani, na muziki ulilia. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Noel Lee, injinia na mpiga ngoma wa San Francisco, alianzisha kampuni ya Monster Cable na kuwaonyesha wenye maduka kwamba waya mnene, wenye sura nzuri na jina la kutisha, unaweza kuuzwa kwa bei ambayo hakuna aliyewahi kuifikiria. Wenye maduka walifurahi, maana faida ya waya ilipita ile ya redio yenyewe. Wengine wakafuata, na bei zikapanda hadi maelfu ya dola.

Mwaka wa 1983, katika toleo la mwezi wa nane, gazeti la muziki la Marekani Stereo Review lilitoa matokeo ya jaribio lililoongozwa na Laurence Greenhill. Wasikilizaji waliletewa nyaya tatu: Monster, waya wa kawaida mnene, na waya mwembamba sana. Hawakuambiwa ni upi unaopiga. Waya mwembamba sana ulitambulika, kwa sababu ulikula sehemu ya nguvu na kupunguza sauti. Lakini kati ya Monster na waya wa kawaida mnene, nguvu ya sauti iliposawazishwa kwa kipimo, tofauti ilipotea. Matokeo hayo yana miaka zaidi ya 40, na wenye kuuza nyaya za bei kali hawajaleta jaribio la namna hiyo lililoyapindua mbele ya watu wote.

Mwaka wa 2007, James Randi, Mmarekani aliyejulikana kwa mazingaombwe na kwa kufichua ujanja wa waganga wa uongo, alitoa changamoto. Shirika lake lilikuwa na dola milioni moja kwa yeyote atakayeonyesha uwezo usioelezeka. Alisema atampa feza hizo mtu atakayeweza, bila kuona, kutofautisha nyaya za Pear Anjou za dola 7.250 na nyaya nyingine nzuri za bei ya chini. Mwandishi mmoja wa habari za muziki alikubali. Kampuni yenye nyaya hizo ilijiondoa, na jaribio halikufanyika. Shindano hilo la milioni lilikuja kufungwa mwaka wa 2015, na hakuna aliyewahi kuichukua zawadi.

Je, kijana wa kinanda anasema uongo anapodai amesikia tofauti? Hapana, na ni makosa kumcheka. Mara nyingi tofauti ilikuwapo kweli, ila haikutoka pale anapodhani. Siku waya mpya unapofungwa, mambo mengi yanabadilika pamoja. Ncha za waya wa zamani, ambazo kwa mvua na unyevu wa Bukavu zilikuwa zimegeuka rangi ya majani, zinaondolewa. Mahali palipofungwa kwa kusokota vidole na kuzungushiwa plastiki panakazwa kwa bisibisi. Na kuna jambo moja ambalo mafundi wengi wanalijua lakini hawalitaji mbele ya mteja: alama ya kuongeza na ile ya kutoa. Kama bafle moja kati ya mbili ilifungwa kinyume, moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na besi inakufa katikati ya chumba. Fundi anapofunga waya mpya, safari hii kwa mpangilio, besi inarudi, kamati inapiga makofi, na sifa yote inaenda kwa plastiki inayoangaza. Kazi hiyo ingefanyika kwa dakika tano kwa waya uleule wa zamani.

Kisha kuna sikio lenyewe. Sauti iliyoongezeka kidogo tu, kiasi ambacho mtu hawezi kusema kwamba imeongezeka, sikio huihesabu kuwa nzuri zaidi, safi zaidi, yenye uhai zaidi. Fundi akigusa kitufe cha ampli kidogo baada ya kubadilisha waya, hata bila nia mbaya, ameshinda kesi. Na mtu aliyetoa dola 100 hapendi kusikia kwamba alizitupa. Ubongo wa binadamu ni mwenyeji mwema, humtengenezea mgeni aliyelipiwa ghali kiti cha mbele.

Dawa ya mabishano ni rahisi na haihitaji maabara. Nyaya mbili za urefu mmoja, bafle ileile, wimbo uleule, na kitufe cha sauti kisichoguswa. Mtu mmoja anabadilisha nyaya nyuma ya pazia kwa kurusha franka hewani, akiandika kila mara ni upi uliopiga. Anayedai kusikia tofauti anakaa mbele na kusema: wa kwanza, au wa pili. Mara kumi. Akipata tano au sita, amekisia tu. Akipata tisa au zaidi, asikilizwe, maana kwa bahati tupu hilo linatokea karibu mara 1 kati ya 100. Kamati yoyote inaweza kufanya hivyo jioni moja baada ya mazoezi ya kwaya, kabla ya kufungua sanduku la michango.

Hata hivyo, mweka hazina asishangilie haraka. Neno lake kwamba waya ni waya limeziharibia sono za Bukavu kuliko maandishi yote ya dhahabu.

Kila waya unapinga umeme unaopita ndani yake. Ukiwa mrefu unapinga zaidi, ukiwa mnene unapinga kidogo. Katika sebule ya Muhumba, waya wa shaba wa milimita mraba 1,5 wenye urefu wa mita 3 unapinga kwa chini ya omu 0,1, wakati bafle yenyewe ina omu 8. Hasara haifikii hata sehemu moja kwa mia ya upinzani wote. Hapo waya ni waya kweli, na anayetaka kuongeza kitu aongeze bafle nzuri.

Lakini tuseme ni mkutano wa injili au wa vijana kwenye kiwanja cha Funu. Ampli iko jukwaani, na bafle mbili za omu 8 zimewekwa mita 50 mbali, zimefungwa pamoja kwenye waya mmoja, kwa hiyo ampli inaziona kama omu 4. Waya ni wa milimita mraba 1, ule wa bei rahisi. Umeme unaenda mita 50 na kurudi mita 50: jumla mita 100, na upinzani wa karibu omu 1,7. Bafle zile zinapata nusu tu ya nguvu ambayo zingepata kama waya usingekuwa na upinzani. Kwa waya wa milimita mraba 4, zingepata zaidi ya asilimia 80.

Sikio halioni nusu ya nguvu kama nusu ya sauti, kwa hiyo watu wa nyuma wanasema tu kwamba haisikiki vizuri. Fundi anapandisha ampli. Wanasema tena. Anaipandisha hadi mwisho. Hapo ampli inaishiwa pumzi, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, na maneno yanatoka yamepasuka. Kadiri hali hiyo inavyoendelea, bafle ndogo za sauti za juu zinaungua moja baada ya nyingine, na siku inayofuata kamati inaambiwa inunue nyingine. Sauti inayopasuka juu ya vilima vya mji kila siku ya Mungu mara nyingi ina historia hii: waya mwembamba, umbali mrefu, na ampli iliyosukumwa kupita uwezo wake.

Kanuni ambayo mafundi wa nchi nyingi wanaifuata ni kwamba upinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya ule wa bafle. Kwa bafle mbili za pamoja zilizo mita 10 mbali, waya wa shaba wa 2,5, uleule wanaofunga ndani ya nyumba, unatosha. Kwa mita 50, hata waya wa 4 haufikii kanuni hiyo, na mnene zaidi ya huo ni ghali. Lakini kuna njia isiyolipwa hata franka moja: ampli isogezwe karibu na bafle, na ule waya mrefu uwe wa ishara ndogo inayotoka kwenye mikro na meza ya kuchanganyia sauti.

Waya wa mikro ndio pahali ambapo ubora unasikika kweli, na cha kushangaza hakuna anayeubishania. Ishara ya mikro ni ndogo sana, sehemu chache tu kwa elfu za volti moja, na chochote kinachoingia ndani yake kinakuzwa na ampli pamoja na sauti ya mhubiri: mngurumo wa umeme, mlio wa simu, wakati mwingine hata redio. Waya mzuri wa mikro una nyuzi mbili za ndani na wavu wa shaba unaozizunguka kama ua, na ncha yenye meno matatu. Makanisa mengi yana waya wa mikro uliokatika na kuungwa mara nne, wavu wake umefumuka, na bado kamati inajadili waya wa bafle wa dola 100.

Sasa jambo zito zaidi. Hesabu zote hizi ni za shaba. Waya mwingi unaojaa katika maduka ya nchi yetu, katika mizunguko iliyoandikwa vizuri, ni alumini iliyopakwa shaba kwa nje. Kwa macho hautofautiani: mwekundu, unaangaza. Wakati mwingine mzunguko una herufi ndogo CCA, ambazo wauzaji wa dunia nzima wanajua maana yake, lakini mnunuzi wa Kadutu hajawahi kuambiwa. Waya wa namna hiyo unapinga umeme zaidi ya mara moja na nusu kuliko shaba ya unene uleule. Katika mfano wa Funu, bafle zile zingebaki na karibu theluthi moja ya nguvu badala ya nusu. Tena alumini inachoka upesi inapokunjwa, na waya wa sono unakunjwa na kukunjuliwa kila juma. Ncha zake chini ya bisibisi zinalegea na kushika kutu nyeupe, na sauti inaanza kukatika katikati ya wimbo.

Kutengeneza waya wa alumini si dhambi. Una kazi zake, na bei yake ya chini ni haki. Udanganyifu ni kuuuza kama shaba, kwa bei inayokaribia ile ya shaba. Mtu asisahau pia udanganyifu wa pili, ule wa unene. Wakati mwingine juu ya plastiki kumeandikwa 2,5, lakini ukiifungua, plastiki ndiyo iliyo nene, chuma chenyewe ni chembamba kama uzi wa kushonea viatu.

Katika nchi nyingine hili lingekuwa ujanja wa kawaida wa biashara. Kongo ni nchi ya pili duniani kwa kutoa shaba, nyuma ya Chile tu. Malori yanatoka Kolwezi na Likasi usiku na mchana yakibeba mabamba ya shaba kuelekea bandari za mbali. Mtoto wa shule ya msingi Bukavu anafundishwa kwamba Katanga ni shaba. Kisha shaba hiyo inaondoka, na kinachorudi kwa baba yake kwa jina la waya ni alumini iliyopakwa rangi. Mtu anaweza kucheka, na wengi wanacheka, lakini baba ameshalipa.

Na waya huo hauishii kwenye bafle. Hapa ndipo mabishano ya kanisani yanapogeuka kuwa hatari kwa mtaa mzima. Waya mwembamba mwekundu na mweusi, uliotengenezwa kwa ajili ya bafle tu, ndio pia unaotumika kama ralonji. Unavuta umeme kutoka nyumba hadi nyumba, kupita juu ya mabati, chini ya zulia, ndani ya ukuta wa mbao. Plastiki yake haikutengenezwa kwa ajili ya volti 220. Mwisho wake kunafungwa jiko la umeme, yaani resho, la wati 2.000, kwa sababu makala ni ghali. Resho hilo linavuta ampea 9. Kwenye waya wa shaba wa 2,5, umeme huo unaacha joto la karibu wati 1 kwa kila mita, na mkono hauhisi chochote. Kwenye waya wa bafle wa milimita mraba 0,5 wa alumini iliyopakwa, unaacha wati 9 kwa kila mita. Ukiwa umekunjwa pamoja nyuma ya kabati, mita 10 zake ni wati 90 za joto ndani ya rundo la plastiki, usiku, watu wamelala.

Wakaaji wa Nyamugo, Nkafu na Panzi hawahitaji kuelezwa moto ni nini. Nyumba za mbao zimebanana, njia ni nyembamba hata gari la kuzima moto haliwezi kupita, na maji yanabebwa kwa mabidoni. Si kila moto unatoka kwa waya. Kuna mishumaa, kuna makala, kuna petroli iliyofichwa ndani ya nyumba. Lakini kila mara mji unapohesabu nyumba zilizoteketea, SNEL inatupiwa lawama, majirani waliojiunga kwa wizi wanatupiwa lawama, na mzunguko wa waya uliouzwa kwa uongo hauitwi hata kama shahidi.

Kuna shirika ambalo kazi yake ni kuuita. Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, inapokea malipo ili kupima ubora na kiasi cha bidhaa zinazoingia nchini. Waya wa umeme ni kati ya bidhaa rahisi kabisa kupima: mzani, wembe na kipimo cha unene vinatosha, hakuna haja ya kupeleka sampuli Kinshasa. Hali ya mji ni ngumu, mipaka inabadilisha wenyewe, na mwenye duka hulipa mara nyingi njiani kabla ya kufungua sanduku. Hayo yote ni kweli. Lakini yeyote anayekusanya ushuru Ruzizi au kwenye bandari za ziwa amechukua pia jukumu la kuangalia kinachopita. Ushuru hauwezi kuwa halali na waya ukawa uongo ndani ya kontena moja.

Wenye maduka nao hawawezi kujificha nyuma ya mzigo uliotoka mbali. Wengi wao wanajua. Wanauza aina mbili, na mteja anayejua huambiwa kwa sauti ya chini kwamba ile ya kweli iko ndani. Kitu kimoja tu kingebadilisha mengi: kila mzunguko uandikwe kwa Kiswahili, kwa mkono kama ni lazima, SHABA au ALUMINI, pamoja na unene wa kweli. Atakayetaka alumini ya bei rahisi kwa waya wa antena atainunua. Atakayefunga resho ya watoto wake atajua anachochukua.

Mafundi wamebaki. Kuna vijana waliosoma umeme ITFM na kwingine, wanaojua hesabu hizi kuliko zilivyoandikwa hapa. Kinachowashinda ni mteja anayetaka kuona kitu kipya ili aamini kwamba kazi imefanyika. Fundi aliyekaza ncha, akarekebisha alama za kuongeza na kutoa, akasogeza ampli, anaulizwa: "Umeleta nini?" Hajaleta kitu, analipwa nusu. Aliyeleta waya unaoangaza analipwa yote na kushukuriwa. Kamati zikianza kulipa kazi badala ya plastiki, waya wa dhahabu utakosa wanunuzi wenyewe.

Tena, feza zikipatikana, zina mahali pa kwenda. Bukavu inaishi kwa umeme wa Ruzizi I, kituo cha tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na wa Ruzizi II, iliyoanza kazi mwaka wa 1989 kwa ushirika wa Kongo, Rwanda na Burundi. Mji umekua mara nyingi tangu hapo, vituo havikukua. Jioni ampuli inageuka nyekundu kama kaa, na ampli iliyoandikwa wati 1.000 haiwezi kutoa nguvu ambayo haikuipokea. Hakuna waya wa bafle, hata ule wa dola 7.250, unaoweza kurudisha volti zilizopotea kati ya kabini ya SNEL na mlango wa kanisa. Stabilizateri nzuri, au jenereta isiyozidiwa mzigo, inasikika siku hiyohiyo. Hata mapazia mazito kwenye kuta tupu za tofali chini ya mabati yanasaidia maneno ya mhubiri kueleweka kuliko waya wowote, maana sauti inayorudi kutoka ukutani ndiyo inayoyavuruga.

Kwa sasa, kabla OCC haijaamka na maduka hayajaandika, mnunuzi ana wembe wake. Aombe ncha ya waya ikatwe mbele yake. Akwangue uzi mmoja: shaba ni nyekundu hadi ndani, alumini iliyopakwa inaonyesha weupe mara moja. Apime kwa mkono: shaba ni nzito, kipande cha alumini cha ukubwa uleule hakifikii nusu ya uzito wake. Ahesabu unene wa chuma, aache ule wa plastiki. Hii inachukua dakika moja. Mwenye duka aliye na waya wa kweli anatoa wembe yeye mwenyewe. Anayekasirika na kusema kwamba waya ukikatwa umeshauzwa, arudishiwe mzunguko wake juu ya meza, bado mzima.